Mama Kumbuka na Kipimo cha Kipa

Wachezaji ndio waliompa wifi yangu jina la Mama Kumbuka, naye hakulikataa. Kila msimu ulipokaribia alikwenda kwenye vyumba vyao vya kubadilishia nguo na meza ya kukunja, kompyuta ndogo, saa ya kupimia sekunde, na fomu zilizopangwa kwa namba, si kwa majina. Aliwakalisha mbele yake mmoja mmoja. Alimsomea mchezaji maneno kumi, akamtaka ayarudie. Kisha tarakimu, azitaje kinyumenyume. Kisha miezi ya mwaka, kuanzia Desemba kurudi nyuma. Mwisho mchezaji alivua viatu, akafumba macho, akasimama kwa mguu mmoja sekunde ishirini, huku wenzake wakimzomea kutoka bafuni.

"Mama Kumbuka, mimi hata siku ya kuzaliwa ya mchumba wangu siikumbuki," nahodha mmoja alimwambia.

"Hiyo haimo kwenye fomu yangu, mwanangu. Hiyo utapimwa nyumbani."

Alikuwa nesi, na kazi yake ilikuwa kuratibu utafiti wa majeraha ya ubongo kwa wanamichezo. Hospitali ilimpa chumba mwishoni mwa ukumbi, ukuta mmoja na chumba cha plasta za waliovunjika, kiasi kwamba alizungumza na wachezaji kwenye simu huku msumeno wa kukatia plasta ukilia upande wa pili. Yeye ndiye aliyewaeleza wachezaji fomu ya ridhaa, neno kwa neno, hadi waelewe kwamba wanaweza kujitoa wakati wowote. Yeye ndiye aliyewafuata waliogongwa, akawapima tena siku ya tatu, ya saba na ya kumi na nne. Matokeo mapya yaliwekwa kando ya kipimo cha awali, kile cha kabla ya msimu, na tofauti ndiyo iliyomwambia daktari kama ubongo umeumia. Kwa hiyo kipimo cha awali kikiwa cha uongo, kila kinachofuata ni uongo. Aliifanya kazi hiyo miaka kumi na mmoja.

Nilimkuta kwa kaka yake wakati naolewa. Wazazi wao walikuwa wamefariki, na mume wangu, akiwa ndiyo kwanza anaanza kazi ya ukarani mahakamani, alimlea yeye mwenyewe. Alikuwa msichana mwembamba aliyepiga pasi sare yake mara mbili, usiku na asubuhi, na aliyerudi dukani umbali wa nusu saa kumwambia muuzaji kwamba amempimia sukari kupita kiasi. Mume wangu baadaye akawa hakimu, mimi mwalimu mkuu. Jina letu tulilitunza kama sakafu iliyopigwa deki. Hakuna aliyeruhusiwa kupita na viatu. Mume wangu alipofariki nikabaki mimi kulinda mlango.

Kitinda mimba wetu, binti, alikuwa kipa. Mwaka aliotimiza miaka ishirini, kocha alitaka kupeleka jina lake timu ya taifa. Orodha ilikuwa iende Jumatatu. Jumamosi iliyotangulia, wifi alikuja nyumbani na mkoba wa kazini. Hakutaka chai.

"Wifi, mwanao amenichezea."

"Mwanangu mimi peke yangu? Si wako pia?"

"Leo ni wako." Akatoa karatasi. "Maneno kumi, amekumbuka matatu. Tarakimu nne zimemshinda. Miezi, kafika Septemba akarukia Juni. Mtoto huyu alikuwa akinisomea namba za magari kinyumenyume kabla hajaanza shule."

"Huenda alichoka."

"Nimewaona wengi wa namna hii. Wanajiangusha makusudi. Ili siku mtu akigongwa akapimwa, matokeo yawe sawa na ya mwanzo, aruhusiwe kucheza. Na kila mmoja anadhani yeye ndiye aliyebuni."

Tulimwita. Akaja na taulo begani, akasimama mlangoni.

"Shangazi, usiku wa kuamkia kipimo sikulala vizuri. Nililala saa nane."

"Wifi," shangazi yake akaniuliza bila kumwondolea macho, "usiku ule taa yake ilizimwa saa ngapi?"

Ilizimwa saa tatu na nusu. Niliizima mimi mwenyewe, nikamfunika na shuka.

"Sikuangalia saa," nikasema.

Binti alirudi chumbani haraka, kama mtu aliyeachiliwa. Wifi akanieleza utaratibu. Alitakiwa ayakatae matokeo yale, aandike sababu, ampelekee kocha barua, na ampime mchezaji upya baada ya wiki mbili. Wiki mbili maana yake timu ya taifa ilikuwa imempita. Lakini nitasema kweli, si timu iliyoniuma. Iliyoniuma ni ile barua.

"Mtoto wa hakimu aandikwe mdanganyifu," nilimwambia, "na mwandishi awe shangazi yake?"

"Sitaandika mdanganyifu. Nitaandika hakufanya kwa juhudi kamili."

"Kocha hajui kusoma?"

Akaigeuza karatasi mezani.

"Kaka yako angekuwa amekaa hapa, ungemletea karatasi hiyo?"

"Kaka angenifukuza nikaandike."

"Kaka yako alikulea akakulinda ukawa mtu. Leo jina lake linakuhitaji mara moja tu."

Nilijua ninapopiga. Sikuwa nimewahi kumkumbusha malezi yale, miaka yote ile, na nilijivunia kutomkumbusha. Wifi aliivuta karatasi. Kisha akatoa kalamu, akaandika pale penye nafasi ya maelezo: *Mshiriki ameeleza kuwa hakulala vya kutosha. Matokeo yamekubaliwa.* Aliandika kwa mwandiko wake mzuri, wa kinesi. Aliondoka bila kuniaga vizuri, nami nikajiambia kwamba ana kiburi.

Tangu jina la binti lipelekwe, miezi miwili haikwisha. Katika mechi moja binti yangu alitoka golini kuupiga mpira ngumi, akakutana na goti la mshambuliaji. Lilimpata juu ya sikio. Alilala chini dakika mbili, akainuka, akasema yuko sawa. Siku ya tatu akapimwa. Maneno kumi, akakumbuka matano. Tarakimu nne akaziweza. Daktari mkuu wa utafiti akaweka karatasi mbili pamoja, akaona mgonjwa anayemzidi mzima wa mwanzo. Akamuuliza kama kichwa kinauma, binti akakana. Akamruhusu acheze Jumamosi.

Mimi ndiye niliyekuwa naye nyumbani. Nilimwona akifunga mapazia mchana. Nilimwona akitia chumvi kwenye chai, akainywa, akamaliza. Nilijiambia ni uchovu; nilikuwa na ustadi wa kujiambia mambo.

Alhamisi wifi alipita kumjulia hali. Tulikaa watatu sebuleni. Binti yangu akatazama saa ya ukutani, akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Mama, baba bado hajarudi kutoka kazini?"

Baba yake alikuwa amefariki miaka minne kabla ya hapo.

Wifi aliweka kikombe mezani, akachukua mkoba, akatoka. Hakwenda kwake. Alikwenda moja kwa moja hospitali, akamweleza daktari kwamba kipimo cha awali cha kipa si cha kweli, na kwamba yeye alikipitisha akijua. Jioni ile binti yangu alizuiwa kucheza. Picha za kichwa zilionyesha damu kidogo iliyovuja. Daktari aliniambia kwamba pigo la pili juu ya lile lingeweza kumuua.

Ikaundwa kamati ya maadili. Ilitaka kujua jambo moja: mratibu alifanya kwa hiari yake, au alishinikizwa na familia. Akiwa ameshinikizwa, angepewa onyo akabaki na kazi yake. Kama ni yeye mwenyewe, kazi ingekwisha. Wifi alikuja kwangu siku moja kabla.

"Sikuombi uniongezee neno, wifi. Waambie tulivyozungumza, basi."

"Nitawaambia," nikasema. Na nilimaanisha.

Kesho yake nilivaa gauni langu la kazini, la kijivu. Walikuwa watu watano nyuma ya meza ndefu. Mwenyekiti aliponiona alisimama. Alikuwa mwanafunzi wangu wa zamani. Mwaka mmoja nilimsimamisha mbele ya shule nzima kwa kunakili majibu ya jirani yake, nikatoa hotuba ndefu juu ya uaminifu.

"Mwalimu, shikamoo. Karibu sana, keti. Hatutakuchosha."

"Marahaba, mwanangu."

"Ni swali moja tu. Je, kuna mtu wa familia aliyemwomba mratibu ayakubali matokeo yale?"

Wifi alikuwa kiti cha pili kutoka kwangu. Niliwatazama wale watu watano wakinisubiri kwa heshima, kalamu mkononi, na nikaona heshima ile itakavyowatoka usoni nikifungua mdomo.

"Sikumbuki mazungumzo ya namna hiyo," nikasema.

Wifi hakunigeukia. Alipoulizwa kama ana la kuongeza alisema, "Kalamu niliishika mimi." Hakunitaja, wala siku ile, wala baadaye kwa mtu yeyote.

Walimwondoa kazini. Rekodi za msimu mzima alizokusanya, wasichana themanini na wawili, zilifutwa kwa kuwa haziaminiki tena. Aliwapima wote wale wakiwa wametoa jasho, akawafuata kwa simu, akawabembeleza, na yote yakapotea kwa ajili ya karatasi moja tu isiyo ya kweli. Siku hizi anapima uzito wa watoto wachanga katika kliniki ndogo. Akina mama wanampenda. Hawajui kwamba mtu anayewafungia watoto kwenye mizani alikuwa akiweza kusoma ubongo wa mchezaji kwa jinsi anavyotetereka kwenye mguu mmoja.

Binti yangu hachezi tena. Akisoma zaidi ya nusu saa kichwa kinamgonga, kwa hiyo ameacha chuo. Kila Ijumaa anakwenda kwa shangazi yake na kurudi jioni, na mimi siulizi walizungumza nini. Niliuliza mara moja. Alinijibu akiwa anavua viatu.

"Mama, mimi nilidanganya kwa sababu ya mpira. Nilikuwa mtoto. Wewe je?"

Imenichukua miaka miwili kuandika barua kwa kamati. Niliiandika kama nilivyofundisha watoto wa watu kuandika: aya fupi, kila jambo mahali pake. Ile taa, yale maneno niliyomwambia juu ya kaka yake, lile jibu langu mbele ya mwenyekiti. Juu nikaweka tarehe ya siku ya kikao, kana kwamba niliyasema yote pale pale. Kisha nikampelekea wifi kliniki, wakati wa mapumziko, nikamkuta anafuta mizani kwa kitambaa.

Aliisoma akiwa amesimama, na penseli mkononi, kama alivyozoea kusoma fomu za watu.

"Hawatanirudisha," akasema. "Na wale wasichana hawawezi kupimwa upya, msimu umekwisha zamani. Hilo unalijua?"

"Najua."

"Basi sawa." Akaikata tarehe kwa mstari mmoja, akanirudishia. "Andika ya leo. Ulikaa kimya miaka miwili, nayo waisome."

Niliandika ya leo, nikatia saini. Alisubiri hadi nimemaliza, akaikunja, akaitia kwenye bahasha, akaniambia niipeleke mwenyewe, kwa mkono, na nisimwachie karani.