Giaboksi ya Tatu

Gari lilisimama katikati ya mto mkavu, magurudumu ya nyuma yamezama mchangani hadi nusu, na nyuma yake trela lenye mapipa mawili ya maji. Nikaingiza gia ya kwanza, nikakanyaga mafuta. Likanguruma bila kusogea. Nikaingiza rivasi, nikarudi ya kwanza, nikaingiza rivasi tena, mbele na nyuma kama mtu anayeng'oa nguzo, mpaka harufu ya klachi ikanijaa kooni. Kisha kitu kikakatika chini yangu kwa mlio mkavu, na mkono wa gia ukabaki ukicheza huku na huku bila kushika chochote.

Wanawake waliokuwa wakichota maji katika visima vya mchangani waliacha kazi, wakanitazama.

"Baba, mfungue huyo punda wako apumzike!" mmoja akapaza sauti. Wenzake wakacheka mpaka wakashika viuno.

Mimi sikucheka. Hiyo ilikuwa giaboksi ya tatu kuvunjika mkononi mwangu kabla mwaka haujaisha, na dhamana ya gari ilikuwa imebakiza wiki tatu.

Gari lenyewe lilikuwa la milango miwili, fupi, la rangi ya chungwa, na lilikaa chini hata mtu mzima alilazimika kuinama ili aone aliye ndani. Nililinunua katika miaka ya sabini, msimu ule bei ya kahawa ilipopanda na sisi wa milima ya Mukuyuni tukadhani haitashuka tena. Nilikuwa na duka na shamba la kahawa la baba yangu, na nilikuwa nimechaguliwa mzee wa kanisa kabla ya kufika miaka arobaini. Ningeweza kununua pikapu. Mke wangu alisema tununue pikapu. Lakini pikapu zilikuwepo sokoni tayari, na gari kama lile halikuwepo.

Mwaka huohuo nilikuwa nikijenga nyumba ya mawe. Waashi walihitaji maji kila siku, na punda wangu walikuwa wakipanda mlima ule polepole mno kwa roho yangu. Nikamwendea mchomeleaji sokoni, akaniundia trela kwa ekseli ya gari kuukuu, akafunga ndoano ya chuma nyuma ya gari langu kwa nati nne. Kwa njia hiyo gari lililoundwa kwa ajili ya barabara ya lami likaanza kushuka mtoni kuchota maji. Siwezi kudai kwamba sikujua. Nilisoma mpaka kidato cha nne, na kitabu kidogo kilichokuja na gari kilisema wazi kwamba lisivute kitu.

Giaboksi ya kwanza ilikufa mwezi wa tatu. Lori la kukodi lilinivuta mpaka Kitui mjini, kwa wakala aliyeniuzia, kwa sababu karatasi ya dhamana ilitaka matengenezo yote yafanyike kwake. Kabla ya kuondoka nilifungua ile ndoano, nikaiacha nyumbani. Wakala aliomba radhi, akasema mara nyingine kiwanda hukosea, akaagiza giaboksi mpya. Nikamwitikia kwamba kweli, viwanda vya siku hizi havina uangalifu. Uongo wangu wa kwanza ulikuwa mwepesi hivyo.

Aliyefunga giaboksi ile mpya ni fundi mkuu wa gereji ya wakala huyo, mtu wa Migwani, aliyenizidi miaka kama kumi. Alikuwa mwembamba, ovaroli yake imepigwa pasi, na alikuwa na tabia ya kugonga jino la gia kwa ukucha na kusikiliza, kama mama anayechagua chungu sokoni. Tulipojuana tuligundua kwamba kanisa lake na langu ni ya ushirika mmoja. Akanishika mkono kwa mikono miwili.

Giaboksi ya pili ilipovunjika, hakunishika mkono. Aliniita kwenye meza yake, akanionyesha vipande vilivyopangwa juu ya gunia.

"Tajiri, angalia. Gia ya tatu na ya nne ni mpya kabisa, hata rangi haijatoka. Ya kwanza na rivasi zimekwisha. Sasa niambie, nani ananunua gari ya mbio aendeshe na rivasi?"

"Kwetu kuna milima," nikasema.

"Milima naijua. Unapita wapi na hii gari?"

"Lami na barabara ya murramu. Hakuna mahali pengine."

Alichukua kifuniko cha klachi, akakikung'uta kiganjani. Vikaanguka vichembe vya mchanga, vyeupe, vingine vikimetameta. Kila aliyelelewa Ukambani ameuchimba mchanga huo mtoni akitafuta maji.

"Hii gari si punda," akasema kwa sauti ya chini. Kisha akafunga giaboksi nyingine mpya, ya tatu, wala hakumwambia mwenye gereji chochote. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa amenipa nafasi ya kujirekebisha.

Nafasi hiyo niliichukua, nikalirudisha gari mtoni. Paa lilikuwa bado, waashi walikuwa wakidai maji, na watu walikuwa wameshazoea kuja ukingoni kutazama gari la chungwa likivuta mapipa. Nilipenda kutazamwa.

Siku ile ya giaboksi ya tatu, ng'ombe waliponivuta kutoka mchangani na kunifikisha nyumbani, mke wangu alisimama uani akinitazama nikifungua ndoano kwa spana.

"Baba watoto, safari hii waambie ukweli."

"Nikiwaambia watakataa kutengeneza. Gari litakaa hapa uani kuku watage ndani."

"Si afadhali kuku?"

Nilichukua rangi nyeusi, nikapaka pale ndoano ilipokuwa imekwaruza. Matundu manne ya nati sikuweza kuyaziba.

Kampuni iliyoleta magari yale nchini ilimtuma mkaguzi wake kutoka Nairobi. Nilipofika Kitui asubuhi ya siku hiyo, fundi alinisubiri nje, kando ya mlango wa gereji, akijifuta mikono iliyokuwa safi tayari.

"Wamesema giaboksi tatu haziwezi kufa bure," akasema. "Ama mwenye gari anaitesa, ama mimi sijui kuifunga. Mmoja wetu. Wewe ukianguka, utarudi dukani kwako. Mimi nikianguka, ni kazi imeenda, na hakuna gereji itanichukua na barua ya kufukuzwa. Nakuomba, ndugu yangu. Sema tu ukweli."

"Ukweli nilishausema."

"Haya," akasema, akaingia ndani.

Tulikuwa watu wanne ofisini: mkaguzi mwenye tai, wakala ambaye ndiye mwenye gereji, fundi, na mimi. Vipande vya giaboksi vilikuwa mezani. Fundi alieleza mambo yake taratibu, gia moja baada ya nyingine. Akaonyesha mchanga. Mkaguzi akatazama dirishani, akasema mchanga uko kila mahali Kitui, hata kwenye chai yake ya asubuhi ulikuwamo. Wakala akacheka. Fundi akataja matundu manne. Wote wakageuka kunitazama.

"Nilitaka kufunga bamba la namba chini kidogo," nikasema. "Halikukaa vizuri, nikaliondoa."

Maneno yalitoka bila kukwama. Nilihisi jasho likinitambaa mgongoni chini ya koti, na niliogopa litapenya waone.

"Bwana, umewahi kuvuta kitu kwa gari hili?" mkaguzi akauliza, kalamu mkononi.

"Hapana."

"Umewahi kupita mtoni?"

"Hapana."

Akaandika. Ndipo fundi akasimama. Mkono wake mmoja ulikuwa juu ya meza.

"Basi aape," akasema. "Si kwa karatasi. Ale kithitu. Na mimi nitakula, leo hii, mbele yake. Asiyesema kweli ajulikane."

Mkaguzi hakuwa mtu wa kwetu. Akauliza kithitu ni nini. Wakala akamweleza kwa aibu kwamba ni kiapo cha Wakamba cha zamani, na kwamba mwongo akikila hufa yeye na watu wa nyumba yake.

Nitasema hapa kile ambacho sikuthubutu kukisema kwa miaka mingi. Nilikiogopa kithitu. Baba yangu aliacha mambo hayo kabla sijazaliwa, mimi nikabatizwa, nikahubiri dhidi yake, na bado fundi alipolitaja neno hilo niliwaona watoto wangu wanne mmoja baada ya mwingine. Nilikuwa karibu kusema kweli. Ulimi ulikuwa umeshasogea. Halafu nikakumbuka kwamba nilikuwa na mlango wa kutokea.

"Mimi ni mzee wa kanisa," nikasema. "Mambo ya giza siyashiriki. Na ninashangaa kwamba huyu ndugu, tuliye naye katika ushirika mmoja, anaweza kunitakia jambo kama hilo."

Sauti yangu ilikuwa tulivu. Ofisi nzima ilikuwa upande wangu kabla sijamaliza. Mkaguzi aliweka kalamu chini, akamgeukia wakala.

"Huyu ndiye anayefunga magari yetu? Mtu anayeleta uchawi kazini?"

"Si uchawi, bwana," fundi akasema. "Ni kwa sababu yeye anajua."

"Inatosha."

Fundi alinitazama, nami nikatazama vipande vilivyokuwa mezani. Wiki ile akafukuzwa. Nikawekewa giaboksi mpya na fundi aliyeletwa kutoka Nairobi, bila kulipa hata senti.

Ningeachia hapo, ubaya wangu ungekuwa wa mtu mwoga tu. Lakini miezi miwili baadaye kulikuwa na mkutano wa makanisa yetu kule Matiliku, na washiriki walipoitwa watoe ushuhuda, nilisimama. Nikasimulia jinsi nilivyojaribiwa ofisini Kitui, jinsi mtu wa ushirika wetu alivyotaka nile kithitu kwa ajili ya gari, na jinsi nilivyosimama imara. Watu wakasema amina. Sikumtaja kwa jina, lakini fundi wa magari kutoka Migwani aliyefukuzwa Kitui alikuwa mmoja tu. Kabla ya mavuno habari ilikuja kwamba kanisa lake limemtenga. Asishiriki meza ya Bwana, asiombe mbele ya watu, mpaka atubu.

Na gari likapona. Nilikuwa nimewarudisha punda mtoni, trela nimeliuza. Mwezi ukapita, wa pili, mwaka. Gia ziliingia laini kama kisu kwenye papai. Kila mtu aliyenisifu kwa gari zuri alinichoma bila kujua, maana kila maili ilikuwa ikishuhudia kwamba kilichovunja zile tatu ni trela langu, si mkono wa fundi. Kama lingevunjika hata mara moja barabarani, ningepata kitu cha kujitetea nacho. Halikuvunjika. Mke wangu alikataa kulipanda. Jumapili alitembea kwenda kanisani na watoto, mimi nikawapita kwa vumbi.

Miaka mitano ilikwisha hivyo. Mwishowe nikaenda Migwani. Nilimkuta nyuma ya maduka, akitengeneza mashine ya posho ya mtu, nywele zimekuwa nyeupe. Alilitambua gari kabla ya kunitambua mimi.

"Ile ya mwisho bado inaenda?" akauliza.

"Bado."

"Haijawahi kufunguliwa?"

"Haijawahi."

Akatikisa kichwa, akaendelea kukaza nati yake. Nikamwambia yote, mto, trela, ndoano, rangi nyeusi, nikiwa nimesimama juani na kofia mkononi. Nikamwambia nimekuja kuomba msamaha. Hakuacha kazi.

"Mimi nilijua," akasema. "Unaniambia kitu najua. Uliwaambia wasiojua, si ndiyo? Basi rudi kwa hao."

"Nitaandika barua kwa wazee wa hapa."

"Ulitumia mdomo, si barua."

Jumapili iliyofuata nilisimama kanisani Mukuyuni. Nilianza kwa kusema nimetenda dhambi, na kabla sijafika kwenye dhambi yenyewe watu wakaanza kuimba na kupiga makofi, kwa kuwa wengi wetu tuliungama hivyo kila mara, kwa jumla, bila kutaja. Mchungaji akainua mkono kunibariki niketi. Ningeweza kuketi. Nikaomba wanyamaze. Nikasema: nilivuta maji kwa gari, nilivunja giaboksi tatu, nilisema uongo, mtu asiye na kosa akapoteza kazi na kanisa kwa sababu yangu, na ushuhuda wangu wa Matiliku ulikuwa wa uongo. Hakuna aliyeimba tena. Mke wangu, upande wa wanawake, alikuwa ameinamisha kichwa, na sikujua kama ni aibu au ni kitu kingine.

Waliniondoa katika uzee wa kanisa, na ilikuwa haki. Nilikwenda Matiliku mkutano uliofuata, nikarudia maneno yaleyale. Barua ikapelekwa Migwani kwamba fundi arudishwe mezani bila sharti lolote. Wazee wawili walimpelekea kwa miguu, wakaisoma mbele yake. Wanasema aliwasikiliza mpaka mwisho, akawapa chai, akawasindikiza hadi barabarani. Kanisani hakurudi. Walipomwuliza sababu, aliwaambia kwamba walipomtenga hakuna hata mmoja wao aliyekuja kumwuliza kilichotokea, na hilo halikuwa kosa la yule wa Mukuyuni peke yake.

Ni kweli. Lakini aliyewapa sababu ya kutouliza ni mimi.