Mlenda wa Juu ya Tembe

Mvua ikinyesha siku tatu mfululizo, ukuta wa jiko langu hapa Makole hutoa harufu ya udongo mbichi na moshi wa zamani. Wajukuu hufungua madirisha. Mimi hukaa tu. Harufu hiyo naijua tangu sijaota meno ya pili.

Tuliishi kwenye tembe, nyumba ya paa bapa la miti na udongo. Kifuku, majira ya mvua, kikikolea, majani huota juu yake kama shambani. Mwaka mmoja mvua ilipotea, uwele wetu ukakaukia ardhini. Iliporudi ilirudi na baridi, siku sita hatukuona jua. Mbegu iliyobaki Mama aliiweka kwenye kilindo, lile pipa la gome la mti, pembeni mwa chumba. Alingoja mvua ipungue apande upya. Tukikosa kupanda hapo, mwaka mzima ni njaa.

Akanituma bondeni kuchuma mboga. Matope yalifika magotini, na mimi, niseme ukweli, nilikuwa mvivu. Nikaona mlenda umestawi juu ya paa letu. Nikapanda, nikaung'oa na mizizi yake, kapu likajaa. Nikajiona nina akili kuliko ukoo mzima. Tulikula tukaramba vidole.

Siku ya tatu Mama alifunua kilindo. Maji yalikuwa yamepita kwenye matundu ya mizizi, yakashuka humo kimyakimya. Mbegu ilikuwa ya moto mkononi, imeota, inanuka kama pombe.

“Mboga ya juzi ulichuma wapi?”

Nikaonyesha juu kwa kidole, mguu mmoja tayari uko mlangoni. Hakunigusa. Alitazama paa, akachukua majembe mawili, akasema twende.

Tulikwenda kwa shangazi yangu, dada yake Baba. Yeye na Mama hawakuwa wamesalimiana tangu mavuno yaliyopita, kisa mbuzi walioingia shambani. Nikamwamkia. Shangazi hakuinuka kwenye kigoda.

“Wifi, leo njia umeikumbuka?”

“Njaa imenikumbusha.”

Mama alipoeleza kwamba paa limevuja, Shangazi akasema mbegu ipo, na palizi pia ipo. Tulimpalilia siku mbili, mvua ikitupiga mgongoni, naye akipita kututazama na kusema kaka yake alioa mwanamke asiyejua kutunza paa. Mama alilima tu.

Tulirudi na nusu kibuyu cha mbegu. Kabla ya kukaa, Mama alipanda juu ya tembe, akajaza udongo na majivu kwenye matundu, akakanyagakanyaga. Nikamuuliza nikiwa chini kama atanichapa sasa.

“Mikono imechoka. Nipe udongo.”

Uwele ule uliota, tukavuna kidogo, tukaishi. Miaka mingi nimewasimulia wanangu kwamba nilinusurika fimbo kwa sababu Mama alichoka. Na kweli alichoka. Sasa nami nimechoka, magoti hayataki, mgongo hautaki, na nimegundua kwamba mtu aliyechoka ndiye mwepesi wa kumtupia mwenzake lawama ili apumzike. Ulimi hauchoki pamoja na mikono.

Shangazi alimuuliza Mama mara mbili, mbele yangu, nani aliyeharibu paa. Mara zote mbili, bila kuinua kichwa kwenye jembe, Mama alijibu: “Mvua.”