Kushoto Jina la Mtu, Kulia Ofisi ya Mkuu

Unaisikia kabla hujafika mlangoni. Kwanza mluzi mwembamba, kisha mkwaruzo kama wa sufuria inayosuguliwa kwa mchanga, kisha kimya. Wanafunzi wanaopita koridoni hawageuki. Wanasema mbuzi wa Nukta anachinjwa.

Mbuzi hayupo. Ndani ya chumba hicho, kilichokuwa stoo ya chaki, kuna kompyuta mbili, feni inayotikisa kichwa kama mtu anayekataa, na kisanduku kilichounganishwa na waya wa simu. Kisanduku kinapiga kelele, kinajibiwa na mwenzake wa ng'ambo, na wakishaelewana, barua za kompyuta za chuo kizima zinaingia na kutoka.

Mbele yake amekaa mwanamke wa miaka arobaini na ushee, miwani mizito, sweta limefungwa kiunoni. Wanamwita Nukta. Kila mwalimu anayekuja akifoka kwamba barua yake imepotea huulizwa swali lilelile: nukta uliiweka wapi?

"Anwani hazifiki hapa zikiwa safi," anasema, macho kwenye skrini. "Nyingine zinapita mashine nne njiani, na kila mashine inabandika jina lake na alama ya mshangao, utadhani mtu kafumaniwa. Mimi nazinyoosha."

Kuzinyoosha ni kuandika kanuni. Kanuni ni mstari mmoja wenye pande mbili. Kushoto unaandika anwani jinsi inavyokuja, kulia unaandika jinsi unavyotaka iwe. Mashine ikikuta anwani inayofanana na ya kushoto, inaifuta na kuweka ya kulia. Haiulizi kwa nini.

Katikati ya pande hizo lazima upige kitufe cha tab, ambacho Nukta hukiita tabu, na ana haki. Ukiweka nafasi za kawaida, kwa macho mstari ni uleule. Lakini mashine inanung'unika mara moja inapowashwa, kisha inauruka kana kwamba hukuandika kitu.

"Mara ya kwanza nililia hapahapa," anakumbuka. "Namtafuta adui kwenye skrini, kumbe adui ni hewa."

Alikuja chuoni kupiga chapa. Wafadhili walipoleta mashine, mtaalamu wao alikaa siku chache, akaacha kitabu kinene kuliko tofali na kuondoka. Utawala ukatafuta mtu mwenye mkono mwepesi. Nukta akapelekwa stoo, na huko ndiko alikosahauliwa. Kwenye orodha ya mishahara bado ni mpiga chapa daraja la pili. Mshahara huo unalipa kodi ya vyumba viwili na ada ya mabinti wawili. Mama yake mzazi, anayelala chumba cha pili, hunywa dawa za presha mwezi huu na kuziruka mwezi unaofuata.

Sasa utawala umemkumbuka.

Ukuta wa bweni jipya ulipoanguka, walimu saba walitia sahihi waraka mmoja wakiuliza nani aliupitisha ukuta huo. Hawakujibiwa, walifukuzwa. Aliyeupitisha ukuta yuko kazini. Waliouliza wako nyumbani.

Mmoja wao ni mwalimu wa hesabu, mume wa dada yake Nukta. Ameomba kazi kwenye chuo cha ng'ambo, na anwani aliyowapa ni ya hapa, kwa sababu mji huu hauna mashine nyingine ya kubeba barua za namna hii. Chuo hicho kilimjibu mara moja kwamba kimependezwa naye na kitamwandikia uamuzi wake. Barua hiyo ndiyo inayosubiriwa na nyumba nzima. Watoto wamerudishwa kutoka shule ya bweni, na dada mtu ameuza cherehani.

Wiki hii katibu wa Mkuu wa Chuo aliteremka mpaka stoo na amri. Barua yoyote itakayoingia kwa jina la mmoja wa wale saba igeuziwe njia, iende ofisini kwa Mkuu. Kushoto majina saba, kulia anwani moja. Nukta alipendekeza zirudishwe kwa waandishi wake, waambiwe mtu huyo hayupo tena. Akaambiwa hapana, Mkuu anataka kujua watu hao wanaandikiana na nani. Akapewa mpaka Ijumaa.

Leo ni Ijumaa.

Mwandishi wa habari hizi alimfuata katibu huyo kumuuliza. Alijibu bila kupandisha sauti: "Jina ni lao, waende nalo. Anwani ni ya chuo." Alipoulizwa kama na maneno yaliyomo ndani ya barua ni ya chuo, alitazama saa yake.

Kwa Nukta amekwishaingia fundi simu, mtu wa maneno mengi, ambaye amekuja kuangalia waya usiokuwa na kasoro. Habari anayo. Na dawa anayo.

"Achana na tabu, weka nafasi," anasema. "Wachapishie karatasi, waitazame, waridhike, wakanywe chai yao. Nani atajua, mama?"

Nukta anacheka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, kicheko kifupi cha puani.

"Atajua atakayekuja baada yangu. Ataona mstari umekosewa, ataunyoosha kwa nia njema kabisa, na atasifiwa."

"Sasa utafanyaje?"

"Nitakataa kwa mdomo. Mdomo hauna wa kuunyoosha."

Fundi anakuna kisogo. Anasema basi yeye asiandikwe gazetini, ana mke mkali. Anaondoka na bisibisi yake.

Nukta hataki kuitwa shujaa. Anasema anaogopa, na kwamba binti yake mdogo ana mtihani mwaka huu. Amekubali kuandikwa kwa sababu moja tu: wasije wakamsingizia kwamba aliharibu mashine.

Adhuhuri katibu anarudi, anasimama mlangoni, anauliza kama iko tayari. Nukta anamjibu kwamba haiko tayari na haitakuwa. Katibu hagombi. Anasema Jumatatu ataletwa kijana kutoka idara ya mitihani, naye Nukta amfundishe mashine yote, kanuni zote, asibakize. Anasema tafadhali. Kisha anaufunga mlango taratibu, kwa adabu ile wanayojifunza watu ambao makosa yao hulipiwa na wengine.

Kwa muda Nukta anapangusa miwani ambayo haina vumbi. Simu ya mezani inalia. Ni shemeji yake, anapiga kutoka dukani, kama anavyopiga kila siku saa hizi.

"Haijaingia, shemeji."

Anasikiliza. Upande wa pili shemeji anatania kwamba siku hizi anaosha vyombo mpaka majirani wanataka kumwazima. Nukta hacheki.

"Nisikilize, shemeji. Jumatatu wananiletea mtu. Leo hii, kabla sijatoka, nitawaandikia wale watu wako kwa jina langu, niwaambie wasitume tena huku, jibu walipeleke posta, kwenye sanduku la dada. Litachelewa, lakini litakuja limefungwa. Na wale wenzako sita waambie waniletee anwani za watu wao kabla ya jioni, nao niwaandikie."

Anabana simu kwa bega, mkono wake tayari uko kwenye vitufe.

"Liwe zuri, liwe baya, jibu lako utalifungua wewe mwenyewe, kwa mkono wako. Nakuahidi, shemeji."