Blanketi la Sakafu

Jairo alikuwa fundi, na alijijua kuwa ni fundi. Balaa lake lilianzia hapo. Useremala alifundishwa misheni, na mwaka 1937 Mbozi nzima hakukuwa na Mnyiha mwingine aliyeaminiwa kupanda ghorofani kwa Mzungu na msumeno mkononi.

Mzungu huyo alikuwa na shamba la kahawa upande wa Vwawa. Vibarua walimwita Bwana Kimya, maana kelele zilimtia wazimu. Jogoo wake mwenyewe alimchinja kwa kosa la kuwika. Mkewe naye alipenda gramafoni na dansi. Chumba cha muziki kilikuwa juu, ofisi ya Bwana chini yake, na wageni walipogonga visigino kule juu, yeye huku chini alishika kichwa.

Jairo akaitwa ainyamazishe sakafu. Aling'oa mbao, akajaza maganda makavu ya kahawa katikati ya maboriti, akapigilia upya. Kishindo kilipungua, hakikuisha. Si angesema uwezo wake umeishia hapo, akaenda zake? Wapi. Kichwa kikamvimba.

"Bwana, maganda peke yake hayatoshi," alisema. "Juu ya maboriti panataka kitu kizito cha sufu, kama blanketi. Hapo hata akicheza ng'ombe hutasikia."

Bwana akageuza macho kuelekea stoo. Humo mlikuwa na robota la mablanketi lililofika juzi, moja kwa kila kibarua, Jairo akiwemo, kama mkataba ulivyosema. Na ulikuwa mwezi wa Juni, baridi ya Mbozi haina mchezo, ukungu hautoki mpaka saa nne.

"Magunia yapo," Bwana akasema. "Watajifunika magunia."

Ndipo Jairo alipojua amefanya nini. Mkewe, Sekela, alikuwa na mimba ya miezi minane, na blanketi lao la zamani lilikuwa limebaki nyuzi. Hilo jipya Sekela alikwisha kulipangia: ni la mtoto. Jairo hakufungua mdomo tena, mwoga yule. Aliyatandika mablanketi yote, akapigilia mbao juu yake kwa ustadi ule ule, maana mikono yake haikujua kulipua kazi.

Mtoto alizaliwa kabla ya siku zake, wa kiume, hata kilio hana. Sekela alimfunga kifuani, gunia juu.

"Baba Tumpe," akasema, kwa jina la binti yao wa kwanza, "miguu ya mtoto haipati joto. Wewe ndiye unayejua mablanketi yalipo."

Jumapili Wazungu walikwenda kwa jirani. Jairo akainua mbao mbili karibu na dirisha, akatoa blanketi moja, akazirudisha hata wewe ungeapa hazikuguswa. Siku tatu mtoto alilala bila kutetemeka, akanyonya. Sekela alianza kucheka.

Siku ya nne Bibi, mke wa Bwana, alipita karibu na dirisha kule juu na viatu vyake. Chini, Bwana akainua kichwa: ko, ko, ko. Akachukua fimbo, akagonga dari pale pale. Kazi nzuri ya Jairo ndiyo iliyomshtaki. Sakafu nzima ilikuwa kimya isipokuwa pale palipokosa blanketi.

Hakumpiga. Afadhali angempiga. Alimwambia alilete, sasa hivi. Jairo akapiga magoti, akasema kuna mtoto ndani yake.

"Blanketi ni la sakafu," Bwana akasema.

Jairo alimfunua mwanawe kwa mikono yake mwenyewe. Sekela hakumwita Baba Tumpe siku ile wala nyingine. Blanketi likarudi chini ya mbao lina joto bado, akalipigilia misumari minane.

Mtoto aliifikia Ijumaa, hakuivuka. Jumamosi mchana Jairo alikwenda ofisini kuomba mbao za jeneza. Akiwa uani aliwaona wageni dirishani juu, wanazunguka kwa dansi. Aliingia, akafungua mdomo, na Bwana akamzuia kwa kidole, akaelekeza darini.

"Unasikia nini?"

Jairo akasikiliza. "Sisikii kitu, Bwana."

"Wewe fundi kweli," Bwana akasema, uso umemkunjuka. Akamruhusu achukue bure mbao zilizobaki za sakafu. Vilikuwa vipande vifupi vifupi, lakini vilitosha.