Shosho Aliyepigana Mpaka Mahindi Yakavunwa

Jirani yangu hapa Kiamunyi hufua mazulia siku za Jumamosi, na kila anapolipiga zulia lililolowa ukutani, mimi huacha ninachofanya. Paa. Kimya kidogo. Paa. Wengine husikia kazi ya nyumbani. Mimi husikia mtu akipigwa ngumi ya kifua katika shamba la shosho wangu, bibi yangu mzaa mama, kule Rongai.

Ngoja nikueleze. Ngumi ya kweli haina sauti ya maana. Ukimpiga mwenzako kifuani, kinachosikika ni kama mto ulioanguka kitandani, halafu kilio. Kwa hiyo mimi na binamu yangu Kamau tulikuwa tunalowesha gunia, tunalipiga juu ya jiwe la kufulia, na kurekodi sauti hiyo. Mfupa uliovunjika ulikuwa bua kavu la mahindi. Panga mbili zilizogongana zilikuwa vifuniko vya sufuria. Tulijifunza haya kwa kukosea, na kama nyumbani kwako kuna mtoto anayekuharibia magunia kwa sababu kama hizi, nakuomba umvumilie.

Sinema tulizoziiga zilikuwa zile za kungfu zilizotafsiriwa na watu wetu. Wahusika waliongea Kichina chao, na juu yake mtafsiri akasema kwa Kiswahili alichotaka yeye. Shujaa akaitwa Njoroge, adui akawa ameiba ng'ombe wa baba mkwe wake, na kabla ya kurushiana mateke walibishana kwanza kuhusu mpaka wa shamba. Sisi tulidhani sinema hutengenezwa hivyo dunia nzima. Katika zetu, kila mtu alichezesha midomo bila kutoa neno, kisha Kamau akayaweka maneno baadaye, kwa sauti nzito aliyoitoa tumboni.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na mimi ndiye niliyeshika simu. Ilikuwa ya Mjomba, baba yake Kamau, aliyetuachia wakati wa likizo tu. Mama yangu alikuwa Uarabuni, akifanya kazi za nyumbani kwa familia moja huko. Mkataba wake ulikuwa haujaisha, na pasipoti yake ilikuwa kwa mwajiri. Simu yake mwenyewe alipewa Ijumaa mchana. Video nilizomtumia zilikwama njiani, lakini za mtandaoni aliweza kuzitazama, kwa hiyo nikaanza kuweka sinema zetu mtandaoni. Nilimtengenezea mtu mmoja.

Halafu ikaja ile likizo ya Agosti. Mahindi yalikuwa marefu, yametoa mbelewele, maua yake ya kileleni, na Kamau alikuwa akipigana na vijana wa jirani pembeni ya shamba, huku akijiita mfalme wa kifo. Katikati ya vita Shosho akapita na mzigo wa majani ya ng'ombe mgongoni, kamba imembana kipaji cha uso. Hakugeuza shingo. "Mkimaliza kuuana," alisema, "kuna ng'ombe hajapewa maji." Mfalme wa kifo akampisha njia na kumwambia pole. Nilitaka turudie, lakini simu ilikuwa inazima, kwa hiyo nikaiweka mtandaoni ilivyo.

Watu wakamwona Shosho. Waliandika kutoka Bahati, kutoka Mombasa, kutoka nchi nisizoweza kuzionyesha kwenye ramani. Mmoja aliandika kwamba hao vijana wote ni bure, mwenye nguvu hapo ni mathe wa majani. Wengine wakaanza kuuliza atapigana lini.

Tulipomweleza, alikubali haraka kuliko tulivyotarajia, ila kwa sharti moja. Hangeanguka. "Huyu Kamau nimemwogesha kwa karai," alisema. "Anigonge mimi nilale chini? Tafuteni hadithi nyingine." Ndiyo maana katika sinema zetu zote Shosho hakushindwa hata mara moja. Nilimfundisha jambo la msingi, kwamba kisichoingia kwenye kioo cha simu hakipo. Alilipenda sana jambo hilo. Alivaa kitambaa chake cha kanisani kichwani na kandambili za bafuni chini, akiniuliza kila mara kama miguu inaonekana, na nikisema hapana anacheka mpaka anashika kiuno.

Kwa kuwa simu ingerudi kwa Mjomba shule zikifunguliwa, tulirekodi nyingi mno, za kututosha muhula mzima. Kila Ijumaa asubuhi Mjomba aliweka moja, na jioni tulisoma alichoandika Mama chini yake.

Shule zilipofunguliwa tu, miguu ya Shosho ikavimba. Kisha pumzi ikaanza kumkatika. Daktari mjini Nakuru akasema ni moyo, na Shosho akalazwa.

Hapa lazima nikueleze desturi ambayo huenda hata kwenu ipo. Kwetu, mtu aliye mbali haambiwi habari za ugonjwa. Ataambiwa mgonjwa akipona, au siku ile ambayo haiwezekani tena kuficha. Mjomba alituketisha mimi na Kamau jikoni, akaongea polepole. "Mama yako ako kwa nyumba ya watu," aliniambia. "Ukimwambia, atafanya nini huko? Hawezi kuja. Atalia tu, na hata kulia hataachiwa. Tuendelee na hizo sinema. Akimwona mama akiruka, atalala vizuri." Hakuwa mtu mbaya. Macho yake yalikuwa mekundu alipokuwa akisema hayo.

Basi Shosho akaendelea kupigana. Wiki aliyowekewa oksijeni, mtandaoni alimrusha Kamau ndani ya boma la ng'ombe. Wiki waliyosema figo nazo zimechoka, aliwashinda majambazi watatu kwa mwiko. Sifa ziliongezeka. Mtangazaji mmoja wa redio alitutaja asubuhi, na shuleni mwalimu mkuu akanisimamisha mbele ya paredi, wanafunzi wakapiga makofi. Nilifurahi, na furaha hiyo ilinikaa mwilini kama nguo yenye maji.

Desemba ilipofika, Shosho alikuwa amerudishwa nyumbani. Sisi watoto tuliambiwa ni kwa sababu amepata nafuu. Ijumaa moja mchana Mjomba alikwenda kusaga unga akaacha simu ikichajiwa, na Mama akapiga kwa video. Alisema ameiona ya leo, na kwamba mama yake amempiga Kamau vizuri. Kisha akaniuliza:

"Njoki, mahindi mmevuna?"

"Tulivuna kitambo," nikasema. "Yako kwa stoo."

"Mbona kwa sinema bado yana mbelewele?"

Mama alikuwa mtoto wa shamba lile. Alikuwa amelipalilia tangu akiwa mdogo kuliko mimi. Sisi tuliotazama uso, mateke na kitambaa hatukukumbuka kutazama nyuma ya Shosho, wala maelfu ya wageni waliotusifu. Nilifungua mdomo, na sikuwa na Kamau wa kuniwekea maneno.

"Nipeleke kwa mama," alisema.

Niliiweka simu kifuani, kioo kikiwa ndani, nikaenda chumbani. Nilimnong'oneza Shosho ni nani. Akaomba kitambaa cha kanisani. Nikamwinua, nikamwegemeza ukutani kwa mito. Alikuwa mwepesi kama kapu tupu. Akanionyesha kwa kidole dawa zilizokuwa kwenye stuli, nikazisogeza. Akavuta blanketi lifunike miguu. "Shika karibu," alisema. "Uso tu."

Ndipo nikageuza simu.

"Wewe," Shosho akamwambia Mama, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwa miezi, "hao watu hawakupi chakula? Mbona shingo imekuwa hivyo?"

Mama akacheka. Akamuuliza miguu inaendeleaje. Shosho akajibu kwamba miguu ya kupiga watu haiwezi kulalamika, waulize majambazi. Mama akacheka tena na kusema aliwaona, walitoroka wakilia. Waliongea juu ya ng'ombe aliyezaa, na bei ya viazi, na mke wa pasta. Mwishoni Shosho akamwambia, "Fanya kazi yako vizuri, mwanangu. Huku hakuna shida." Mama akasema, "Naona, mama. Naona uko sawa."

Simu ilipokatika, Shosho aliteleza polepole kutoka kwenye mito. Nilipomlaza aliniuliza kitu kimoja tu.

"Ameamini?"

Nilimwambia ameamini kabisa. Nilikuwa nimemwona Mama akicheka, na mtoto huamini kicheko.

Tulimzika kabla ya Krismasi, sehemu ya chini ya shamba, upande wa mabua. Mama alitazama mazishi kwenye simu iliyoshikwa na Kamau, ambaye alijifuta macho kwa mkono ule ule hivi kwamba sehemu kubwa ilikuwa anga.

Nilikuwa nimemaliza shule ya upili nilipothubutu kumuuliza Mama, aliyekuwa amesharudi kutoka Uarabuni, kama siku ile alidanganyika. Alikuwa akichambua maharagwe, na hakuacha. Alisema aliona ukuta nyuma ya Shosho, na akajua ni ukuta wa kando ya kitanda, saa nane mchana, siku ya kazi. Mama yake hakuwahi kulala saa nane mchana. "Lakini alikuwa amejifunga kitambaa," aliniambia. "Alikuwa amejitayarisha. Ningemwambia nini?"

Miaka yote hiyo nilijiona mwelekezi, mtu aliyewafundisha watu wazima kuigiza. Sasa naelewa kwamba siku ile kazi yangu ilikuwa kushika simu isitikisike. Wawili wale hawakuhitaji kuelekezwa. Kila mmoja alimwona mwenzake vizuri kabisa, na kila mmoja akamwachia mwenzake alichokitaka.

Sinema bado ziko mtandaoni. Kila baada ya muda mgeni huzikuta, hucheka, halafu huuliza kama yule shosho bado ana nguvu. Mimi sikuwahi kupata jibu la kuandika. Juzi nilifungua nikakuta swali hilo limeshajibiwa, kwa jina la Mama, na si hilo tu, bali maswali yote kama hilo, mpaka ya zamani kabisa. Kila mahali ameandika maneno yale yale: ako sawa, amesema muendelee kutazama.

Nilitaka kumpigia simu nimwambie ayafute. Nikaiweka simu chini.