Msiba Nilioutangaza Mwenyewe

Ndugu wasomaji, nimechoka, na aibu hii sijui niiweke wapi. Wazazi wetu walipofariki niliacha shule darasa la tatu ili niwalee wadogo zangu watatu. Chakula chao kinatokana na kazi yangu hapa Same: kumwoshea chupa Mwingereza mmoja anayechunguza madini ya Upare.

Juzi nilimkuta ameinamia mashine yake ya kupimia madini, inayolia ka-ka-ka, jasho likimtoka. Nikamuuliza kulikoni.

“Mama iko, naishi miaka mingi,” akasema kwa Kiswahili chake. “Mtoto nakufa upesi. Dakika mbili, tatu, nusu kwisha!”

Nikadhani familia yake imefika kwa treni ya asubuhi. Mimi nimezika baba na mama, kufiwa nakujua. Nilikimbia kwa Mama Elieza, kiongozi wa akina mama wa usharika, naye akawakusanya wenzake. Tukarudi na kuni, unga na wimbo wa maziko.

Bwana akatoka. “Nani nakufa?”

“Mtoto wako, bwana. Pole sana.”

“Mimi hapana mke!” Akaingia ndani, akarudi na kichupa nilichokiosha asubuhi. “Mama, sesiamu. Yeye nageuka polepole, nazaa mtoto, bariamu; mashine nahesabu mtoto nakufa. Yote madini tu!”

Wimbo ukakatika. Nikaiona kazi yangu inaondoka. Mama Elieza alikitazama kichupa, kisha akanigeukia.

“Haya, mwanangu, wewe uliyetuita. Tumwoshe marehemu, au ulishamwosha?”