Siku Tuliyomchagua Mchungaji wa Kapata

Mchungaji wetu wa zamani alipostaafu, niliwekwa kwenye komite ya kumtafutia mrithi. Walibaki watu wawili. Mmoja alitoka Lubumbashi, amesomea teolojia, na alipohubiri hata wanaosinzia nyuma walisimama. Wa pili alikuwa mwinjilisti wetu wa hapa Kapata, fundi cherehani mwenye kigugumizi.

"Huyu tata wa cherehani tutamuweka mbele ya bageni?" niliuliza nikicheka. "Batatucheka."

Wenzangu wakacheka. Tukamchagua msomi. Hatukuuliza ni nani kati yao aliyewahi kukaa na mtu anayelia.

Miezi michache baadaye shimo la Musonoi lilimwangukia mume wangu. Alikuwa ameanza kuchimba madini huko baada ya kupoteza kazi kiwandani. Nilitoka darasani, nikapanda pikipiki, nikafika na chaki mikononi. Wenzake walikuwa wanapokezana makoleo. Nikampigia mchungaji simu. Alisema yuko kwenye maandalizi ya mkutano mkubwa wa injili.

"Mama, uwe na imani. Nitakuombea."

Mwinjilisti sikumwita, na sijui nani alimwambia. Alikuja na utepe wa kupimia ungali shingoni, akaketi kwenye udongo kando yangu.

"Mama, tu... tutaikala hapa pamoya mpaka bamutoe."

Nilingoja anipe mstari wa Biblia. Hakunipa. Kesho yake alirudi na mkewe, tukakaa watatu. Siku ya tatu, asubuhi, wachimbaji walipaza sauti. Niliinuka nikimbie, mkewe akanishika kwa nguvu. Mwinjilisti akatangulia. Nikamwona anavua shati, analilowesha kwa maji ya kunywa, anainama. Alipomaliza kumfuta mume wangu tope usoni, ndipo akaniita.

Kwenye mazishi mchungaji alihubiri vizuri sana. Watu walilia. Mara mbili alimtaja mume wangu kwa jina lisilo lake.

Kilio kilipokwisha nilimfuata mwinjilisti kwenye cherehani yake.

"Tata, siku ile ya komite, ni miye njo nilikukatala. Mi njo nilianza kucheka."

Alisimamisha gurudumu kwa kiganja. Maneno yalichelewa kutoka, nami nikatazama chini ili nisimharakishe.

"Ni... nilijua, mama. Mulango ulikuwa wazi. Mi nilikuwa inje."

Alikuwa amesikia yote, na bado alikuja kukaa kwenye udongo ule. Nilitamani anigombeze. Akaniuliza kama watoto wanakula, kama wanalala. Mkewe akatoka ndani, akanikumbatia palepale mlangoni.

Mwaka huo walihamia Tenke, kwa ndugu za mke. Kanisa halikuwaaga. Mimi nilikuwa na homa, au nilijiambia nina homa.

Jumapili bado naenda. Mahubiri ni mazuri, siwezi kudanganya. Nayasikiliza mpaka mwisho, na nikifika nyumbani sikumbuki hata neno moja.